Kiti Chenye Mikono

Shwarini ni nchi nzuri sana, na ukibisha utaandikiwa barua. Usiitafute kwenye ramani, walioichora hawakulipa kibali. Ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, ina Wizara ya Mazungumzo yenye ghorofa kumi na moja, na ina mto mmoja tu, mwembamba hivi, yaani mtu akipiga chafya upande huu anaitikiwa "afya" upande ule. Juu ya mto lipo daraja. Kule ng'ambo kuna nchi nyingine, nayo inaitwa Ng'ambo, maana watu wa Shwarini hawakuona sababu ya kujisumbua.

Daraja lilifungwa siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, kwa sababu nzito. Mawaziri wa nchi mbili walikutana katikati ya daraja kuzindua taa, waziri wa Ng'ambo akaletewa kiti chenye mikono, wa Shwarini akaletewa kiti kisicho na mikono. Hadharani! Mheshimiwa Daktari Profesa Kandege, Waziri wa Mazungumzo, alikikalia dakika nzima viwiko vyake vikiwa havina pa kwenda. Kisha akasimama, akavaa miwani, akasema, "Taifa limedhalilishwa." Kizuizi kikashuka. Zile taa hadi leo hazijawashwa.

Sasa Jumanne ni siku ya gulio kule Ng'ambo. Mama yake Zawena alikuwa ameshavuka tangu alfajiri kwenda kununua dagaa wa kuuza, akamwachia Zawena mdogo wake, Mbaruku, mtoto wa miezi saba anayenyonya.

"Saa sita nimerudi," mama alisema. "Akililia ziwa mdanganye na uji mwepesi."

Saa sita ikapita. Zikapita siku arobaini na moja.

Kila jioni saa kumi Zawena, akitoka shule, alimchukua Mbaruku kwa jirani yao Bibi Mwantumu, akamfunga mgongoni na kwenda naye ukingoni. Upande wa pili palikuwa na kanga ya kijani imesimama. Ndiyo mama.

"Amekula?"

"Amekula, mama!"

"Mnyanyue nimwone!"

Zawena alimnyanyua juu kadiri mikono ilivyofika. Wiki ya pili serikali ikapiga marufuku kupaza sauti kuvuka mpaka bila kibali, kwa kuwa sauti nayo ni bidhaa. Ikabaki kunyanyua na kupunga. Wiki ya tatu Mbaruku alipoonyeshwa kanga ya kijani alitazama bata.

Usidhani Zawena hakufuata utaratibu. Aliufuata mpaka ndala zikakatika. Mama alikuwa anakamua maziwa kule na kuyamwaga mtoni, basi Zawena akaenda ofisini kuomba chupa moja tu ivushwe kwa siku. Akapewa Fomu ya Kuvusha Vimiminika. Akajaza yote vizuri, akakwama chini kabisa, palipoandikwa: sahihi ya mzalishaji, ambaye atafika mwenyewe mbele ya afisa.

"Shikamoo. Mzalishaji yuko ng'ambo," Zawena akamwambia karani.

"Marahaba. Basi avuke aje asaini."

"Akivuka fomu ya nini tena, baba?"

Karani akamwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa wa akili aliyevaa vizuri. "Binti," akasema, "wewe unataka kuruka hatua."

* * *

Katikati ya mambo hayo ikaja Wiki ya Diplomasia Mashuleni.

Wizara ilituma shuleni kwa kina Zawena, pale Sekondari ya Darajani, kitabu kinaitwa Mwongozo wa Kuigiza Mazungumzo ya Kimataifa Wakati wa Mgogoro. Kurasa themanini na nne. Ukurasa wa kwanza hadi wa sabini na tisa ni kutambulisha wageni. Wa themanini hadi themanini na mbili ni chakula. Wa themanini na tatu ni mazungumzo yenyewe. Wa mwisho ni picha ya pamoja.

Mwalimu wa uraia, Madamu Stamili, aligawa nafasi. Chande, kijana anayeweza kuchekesha hata msibani, akapewa kuwa waziri wa Shwarini. "Na wewe Zawena utakuwa waziri wa Ng'ambo. Una sauti ya kukataa."

Zawena akafungua ukurasa wa themanini na tatu. Kulikuwa na mistari mitatu.

Shwarini: Tunawasihi mfungue daraja.

Ng'ambo: Hatufungui.

Wote kwa pamoja: Tumekubaliana kukutana tena.

Akausoma mara mbili. "Madamu, lakini daraja si tumefunga sisi?"

Madamu Stamili akatazama mlango, akatazama dirisha, akapunguza sauti. "Zawena. Kwenye Mwongozo wamefunga wao."

"Sasa mimi nisimame mbele ya watu niseme sifungui? Mama yangu yuko kule!"

"Ni maigizo, mwanangu."

"Waigize wao!"

Chande akadakia, "Wenyewe wanaigiza siku ya arobaini hii, hawajafika hata kwenye kupiga makofi." Darasa likacheka. Zawena hakucheka. Alikuwa anakata pembe za ule ukurasa kwa kucha, kipande kwa kipande, huku machozi yanamtoka kwa hasira.

* * *

Siku yenyewe, ya arobaini na moja, wageni walifika saa nne. Walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Viti vyote na madawati yote vikatolewa darasani vikapangwa chini ya turubai, lakini kabla mtu hajakaa, Afisa Viti wa wizara alipita kukagua kimoja kimoja kama kina mikono. Vyenye mikono vilipatikana viwili. Cha kwanza akakaa Mheshimiwa Kandege. Cha pili akawekea miguu, ili asije akakikalia mtu mwingine.

Nyuma yake alisimama Bwana Pazi, Afisa Mhuri. Huyu lazima umjue. Shwarini ina Mhuri Mkuu mmoja tu, hauna nakala, na unaishi kwenye kisanduku chekundu juu ya kitambaa cha bluu, kifuani kwa Bwana Pazi. Anakokwenda waziri, mhuri unakwenda. Zamani mtu aliwahi kuiga sauti ya waziri kwenye simu akaagiza kreti ishirini za soda kwa harusi ya binamu yake, basi Mheshimiwa Kandege mwenyewe akatunga sheria: amri isiyo na Mhuri Mkuu si amri, hata niitoe mimi. Sheria hiyo imebandikwa kwenye kila geti la nchi, kwa herufi nyekundu, HAKUNA MHURI, HAKUNA AMRI, na picha yake mwenyewe ameinua kidole.

Utambulisho ulichukua saa mbili na robo. Mshereheshaji aliwatambua waliokuwepo, akawatambua waliotuma udhuru, akawatambua ambao wangekuwepo kama wangealikwa. Akamtambua dereva wa waziri na dereva wa akiba. Kila mtu alisimama, akapunga, akapigiwa makofi ya kilo. Wanafunzi wawili walianguka kwa jua wakabebwa kivulini, nao wakatambuliwa.

Ndipo waziri akanyanyuka.

"Vijana! Watu wasio na elimu wanadhani mazungumzo ni kuzungumza. Kuzungumza hata kasuku anazungumza. Mazungumzo, ndugu zangu, ni maandalizi ya mazungumzo! Mtaniuliza, mheshimiwa, daraja litafunguliwa lini? Nami nawajibu kwa ujasiri kabisa: swali zuri." Makofi. "Kule mezani tumepiga hatua kubwa. Tumekubaliana rangi ya kitambaa cha meza. Bado umbo la meza. Hatutakimbizwa! Siku arobaini katika maisha ya taifa ni nini? Ni kufumba na kufumbua!"

Zawena alikuwa amesimama mstari wa mbele. Siku arobaini na moja katika maisha ya Mbaruku ilikuwa jino la kwanza. Ilikuwa kutambaa. Ilikuwa homa mbili na kuhara mara moja, na Bibi Mwantumu akimwambia Zawena asimwambie mama yake kitu, atajitosa mtoni.

"Sasa," mshereheshaji akatangaza, "tunaingia kwenye tukio lenyewe la leo." Watu wakainuka wote kwa shangwe. Tukio lenyewe lilikuwa biriani, ndani ya ukumbi wa mikutano. "Wanafunzi, kwa kuokoa muda, igizeni wakati wageni wanakula."

* * *

Basi darasani wakaingia wanafunzi, Madamu Stamili, na Bwana Pazi na kisanduku chake, kwa sababu Mwongozo ulisema maigizo yatamalizika kwa kugonga mhuri, na haukusema mhuri gani. Mkuu wa shule, mtu mwangalifu asiyetaka matatizo, alikuwa ameomba huo huo uliopo. Wizara ilikubali. Watoto wataandika nini cha maana, wakati mistari wameshaandikiwa?

Viti havikuwepo. Madawati hayakuwepo. Wakatandika mkeka wa zahanati ya shule wakakaa chini.

Chande akakunja nne, akatoa tumbo mbele kama waziri. "Tunawasihi mfungue daraja."

Zawena akafungua mdomo. Hatufungui ilikuwa pale pale kwenye ulimi, neno moja tu. Akamtazama Chande, akauchukua Mwongozo wote kurasa themanini na nne, akautupa dirishani. Ukamwangukia kuku.

"Tunafungua," akasema.

"Eh?"

"Nimesema tunafungua! Leo! Saa hizi! Sisi Ng'ambo hatuna shida na nyie. Mnataka kiti chenye mikono? Chukueni! Chukueni viti vyetu vyote, na makochi, na vitanda, mvikalie mpaka mchubuke! Kuna mtoto ana miezi saba, amefikisha minane hapa mlipo mnapiga makofi. Mama yake anamwaga maziwa mtoni! Mtoni, Chande! Kwa sababu ya viwiko vya mtu mmoja!"

Kule ukumbini vijiko vilikuwa vinalia kwenye sahani.

Chande akaishusha miguu yake. Akakaa kama Chande. "Zawena," akasema, "mimi sijui mistari hiyo. Ila Shwarini inakubali. Madamu, Shwarini ikikubali tunafanyaje? Mwongozo hauna huo ukurasa."

Madamu Stamili alikuwa amefunika uso kwa mkono wenye chaki, na paji la uso lote limekuwa jeupe. "Mnaandika," akasema polepole.

Chande akachana karatasi katikati ya daftari la hesabu, akaandika kwa mwandiko wake wa kuku: Daraja lifunguliwe leo. Kila mtu arudi kwao. Viti vyote viondolewe darajani. Wakasaini wote wawili. Dakika tisa. Karatasi ikapelekwa mbele ya Bwana Pazi.

Bwana Pazi akavua saa, akafungua kisanduku, akaupulizia mhuri pumzi.

"Husomi, baba?" Zawena akauliza. Hakuwa na nia ya kumzuia, alishangaa tu.

"Binti, nina miaka ishirini na sita kazini. Kusoma ni idara nyingine. Kazi yangu wino ukolee."

Akagonga. Wino ulikolea kweli kweli.

Zawena akaitazama ile karatasi, duara jekundu, ngao ya taifa, mamba wawili wanapeana mikono. Akamtazama Madamu Stamili. Madamu akageuka akaanza kufuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Zawena akatoka mbio.

* * *

Kwenye kizuizi alikuwepo Koplo Matandiko, chini ya lile tangazo la herufi nyekundu.

"Shikamoo, afande!"

"Marahaba. Karatasi."

Zawena akatoa, anahema. Koplo hakuangalia juu palipoandikwa, aliangalia chini. Akatoa rula akapima duara. Akahesabu mamba. Akalamba ukingo wa wino, akatema.

"Mhuri Mkuu," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Siku arobaini na moja nimesimama hapa nangoja hiki kitu. Mke wangu mwenyewe ni mtu wa kule."

Akakinyanyua kizuizi. Mlinzi wa Ng'ambo, ambaye amri yake ilikuwa "fungeni mpaka wao wafungue", alipoona hivyo akanyanyua chake bila hata kusimama.

Watu walimiminika kama gunia limepasuka. Wenye mabeseni, wenye kuku, wazee, wenye harusi waliokwama na keki iliyoota ukungu. Na kanga ya kijani mbele ya wote, inakimbia, kiatu kimoja tu. Mama alikuwa amekonda mpaka Zawena akasita kidogo. Wakagongana katikati ya daraja, karibu na viti viwili vilivyoachwa pale tangu siku ile, kimoja kina mikono, kingine hakina, vyote vimejaa kinyesi cha ndege.

"Yuko wapi?"

"Kwa Bibi Mwantumu. Mzima, mama, ana jino."

"Ana jino," mama akarudia. "Twende."

Lakini ving'ora vilikuwa vimeshafika. Gari sita. Mheshimiwa Kandege akateremka, punje ya wali ikiwa kwenye ndevu, Bwana Pazi na kisanduku nyuma yake.

"Nani kaachia hawa watu?"

"Mhuri, mheshimiwa," Koplo akasema, amekakamaa, karatasi mkononi.

Waziri akaisoma. Alikuwa mtu wa kwanza wa serikali kuisoma. "Hii ni karatasi ya daftari! Huku nyuma kuna kugawanya sehemu! Haya yalikuwa maigizo!"

Zawena hakujua kama miguu yake ndiyo iliyompeleka mbele. "Na ya kwenu siku arobaini na moja yalikuwa nini, mheshimiwa?"

Watu wakaguna. Mama akamshika mkono. "Mwanangu, nyamaza."

"Sinyamazi! Yeye aseme! Sisi tumekaa chini dakika tisa!"

"Bila utambulisho!" waziri akafoka, na safari hii aliumia kweli, ungemwonea huruma. "Bila meza! Bila mgeni rasmi! Mnajua nchi itachekwaje? Mhuri ukamatwe! Ni kidhibiti cha uhalifu!"

Bwana Pazi akanyang'anywa kisanduku. Kikafungwa minyororo, kikamwagiwa nta, kikabandikwa lakiri, kwamba kisifunguliwe na mtu yeyote ila Tume ya Uchunguzi. Bwana Pazi akabaki ameikumbatia hewa, mikono bado imekaa vile vile.

"Sasa sikilizeni amri," akasema waziri. "Wote waliovuka, warudi Ng'ambo. Wakae kule walikokuwa. Wangoje mazungumzo halisi yaishe, ndipo wavuke rasmi, mbele yangu, nikikata utepe. Koplo! Warudishe!"

Mama akavingirisha kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana. Zawena akaenda akasimama mbele yake.

Koplo Matandiko hakusogea. Alikuwa anatazama mbele, mbali, kama wanavyofundishwa.

"Karatasi, mheshimiwa."

"Karatasi gani? Nimekuamuru kwa mdomo wangu!"

"Ndiyo, mheshimiwa." Koplo akanyoosha kidole juu, pole pole, kwenye lile tangazo, na kwenye kile kidole kingine kilichoinuliwa pichani. "Hata ukiitoa wewe."

Waziri akaomba kalamu, akaandika amri juu ya boneti ya gari. Akageuka. "Pazi! Gonga!"

"Mhuri ni kidhibiti, mheshimiwa," Bwana Pazi akasema.

"Ufunguliwe!"

"Na Tume, mheshimiwa."

"Basi naiteua Tume! Sasa hivi!"

"Barua ya uteuzi, mheshimiwa," Bwana Pazi akasema kwa upole wote wa miaka ishirini na sita, "hugongwa mhuri."

Aliyeanza kucheka ni bibi mmoja mwenye kuku. Wakafuata wengine. Mheshimiwa Kandege akatafuta pa kukaa, na pale palikuwa na viti viwili tu. Nao watu, mia tatu na kitu, wakampita kulia na kushoto na mabeseni yao, wakaenda makwao.

* * *

Kwa Bibi Mwantumu redio ilikuwa imewashwa barazani. Msomaji wa taarifa ya habari ya saa kumi alisema kwamba mazungumzo kuhusu daraja yanakwenda vizuri na yanatarajiwa kuanza, mara atakapopatikana seremala anayekubalika na pande zote mbili.

Mbaruku alikuwa mkekani anatafuna kifuniko. Alipomwona Zawena akacheka lile jino lote, akatambaa mbio, akapanda miguuni kwake. Zawena akambeba.

Mama akakaa mkekani, pembeni kabisa, akanyoosha mikono.

Mtoto aliitazama ile mikono. Akamtazama mwenye mikono, kuanzia kanga hadi usoni, kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuulizia nyumba nyingine. Kisha akaishika shingo ya dada yake kwa nguvu na kupiga ukelele.

"Mbaruku, ni mama! Mama huyu! Mama, jaribu kumpa ziwa, atakukumbuka."

"Yalikauka," mama akasema. "Wiki ya tatu." Akaishusha mikono taratibu akaiweka magotini. "Usimlazimishe. Mwache."

Zawena akataka kupiga kelele, akataka kurudi darajani na panga, lakini mtoto alikuwa shingoni kwake analia. Akasimama pale pale anamtikisa. Redioni wimbo wa taifa ulikuwa umefika ubeti wa kumi na moja.

Mama akasogea kidogo tu, kiasi cha kiganja, kwenye mkeka wa nyumba ya jirani, akainamisha kichwa ili awe chini ya macho ya mwanawe.

"Hodi, baba," akasema.

Mbaruku akafunua jicho moja, akalificha.

"Hodi," mama akasema tena.